Chai Hii Kailipia Nani?

Mzee aliishika karatasi yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayepokea samaki asiyejua kavuliwa lini.

Tulikuwa barazani, Majengo ya Pumwani, Nairobi, baada ya alasiri. Dele la kahawa chungu lilikwisha kuzunguka mara mbili na kashata ya mwisho ilikuwa ikigombewa kwa adabu, kila mtu akimsukumia mwenzake. Nilikuwa nimetoka Nyamakima kuchapisha katuni yangu kwenye karatasi ya A3. Ningeweza kwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia pale kwa sababu nilitaka kusifiwa, na sioni haja ya kulificha hilo.

Akaitazama. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanzu, akaivaa tena.

"Mwanangu, chai umeichora vizuri. Birika hili nalisikia likichemka." Akanyamaza kidogo. "Ila niambie. Chai hii kailipia nani?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia, Mzee, hiyo ni hadithi ya Wazungu. Humo chai hailipiwi, ipo tu.

"Alaa. Ipo tu."

Akanirudishia karatasi yangu, akaomba kikombe kingine.

Ni wiki ya sita leo.

## Meza yenye nafasi

Tangu Julai 2024, baraza la mawaziri lilipovunjwa, kisha nyuso kadhaa zikarudi kwa mlango uleule zilikotokea na nyingine zikaingia kutoka upinzani, nilikuwa na picha moja iliyokataa kutoka kichwani. Ile karamu ya chai ya Alice, msichana wa kitabu cha Lewis Carroll anayejikuta katika nchi ya ajabu.

Meza ni kubwa. Wenye karamu wamebanana kwenye kona moja, na mgeni akitokea wanampigia kelele kwamba hakuna nafasi, hakuna nafasi, ilhali viti vitupu vimejaa. Saa yao imekwama kwenye saa kumi na mbili ya jioni, saa ya chai, kwa hiyo hawapati wakati wa kuosha vyombo. Kikombe kikichafuka, wote wanahamia kiti kinachofuata. Na wanapohama, ni mmoja tu anayekuta kikombe safi, yule Mshona Kofia aliyetoa amri ya kuhama. Waliobaki wanarithi makombo ya jirani.

Niambieni hiyo si siasa yetu.

Basi nikaichora. Usiku tatu. Sikuiga hadithi tu, niliiga na mkono: mistari myembamba inayokatana, vivuli vinavyojengwa uzi kwa uzi, namna ya John Tenniel aliyekichorea kitabu hicho picha zake za kwanza mwaka 1865. Nyumba yangu ya chumba kimoja ilijaa vikombe. Nilivichora vyote, hadi nyufa.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mistari ile ninayoisujudia si ya Tenniel peke yake. Yeye alichora kwa penseli, mchoro ukahamishiwa kwenye kipande cha mbao ngumu, halafu wachongaji wa nyumba ya Dalziel wakatoa mbao yote isiyotakiwa mpaka mstari ukabaki umesimama wenyewe kama ukuta wa boma. Kumbe mimi hapa, na tableti yangu iliyopasuka kioo pembeni, nilikuwa nikikesha kuiga makovu ya kisu ambacho sijawahi kukishika.

## Nilivyojitetea

Wiki ya kwanza nilimkasirikia Mzee. Kimoyomoyo, bila shaka. Nilisema haisomi picha ipasavyo. Yeye amezoea katuni ya Juha Kalulu wa gazeti la Taifa Leo, mtu wetu, mambo yetu, cheka ugeuze ukurasa.

Halafu nikajiona. Mtu aliyesoma gazeti la kila siku kabla sijazaliwa, namwita asiyejua kusoma picha.

Nikabadilisha utetezi. Alice si mgeni kwetu, nikajiambia. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na Ida Hadjivayanis akakitafsiri upya mwaka 2015. Tena wakubwa wote wa kazi hii wamekopa vitabuni. Mchora katuni Gillray wa London, mwaka 1803, alimweka Napoleon kwenye kiganja cha mfalme wa majitu, akimtumia Gulliver wa Swift, na watu wakasongamana nje ya dirisha la duka la picha kuangalia bila kununua, kama tunavyosongamana sisi kwa muuza magazeti pale kwenye kona, wasomaji wa bure, tukisoma vichwa vya habari huku mwenye mali akikohoa kwa makusudi. Tenniel mwenyewe alikuwa mtu wa siasa kabla ya kuwa mtu wa Alice. Alichorea jarida la Punch kwa nusu karne, zaidi ya katuni 2,000. Mwaka 1890 alimchora Bismarck, chansela wa Ujerumani, akishuka ngazi ya meli kama rubani aliyeachishwa kazi, na Kaizari kijana akimchungulia kutoka juu. Na katuni hizo za Punch, mada yake iliamuliwa wapi? Mezani. Kila Jumatano jioni wakuu wa jarida walikaa, wakala, wakabishana, wakakubaliana picha kubwa ya wiki ihusu nini.

Chakula hicho, bila shaka, kililipiwa na jarida.

Hapo ndipo utetezi wangu uliponikwama kooni. Swali la Mzee lilikuwa limenifuata hadi London ya 1890.

Nikamkumbuka Nyerere. Alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu yule mfanyabiashara wa Venice, jina hakulichukua lilivyo. Tafsiri ilitoka mwaka 1969 ikiitwa *Mabepari wa Venisi*. Neno lile si kosa la kamusi. Mtu yule alikuwa amekaa na kitabu cha wenyewe, akakiuliza swali la nyumbani kwake, na jibu akalibandika juu ya jalada.

Mimi nilikihamisha kitabu na sikukiuliza kitu.

## Shilingi kumi, peni sita

Usiku mmoja stima ilipotea, nikabaki na simu na picha ya Tenniel iliyokuwa imeshapakuliwa. Nikaivuta, nikaikuza, nikaanza kuizunguka kipande kwa kipande kama fundi anayetafuta nyumba inavuja wapi.

Kofia ya Mshona Kofia ina kikaratasi. Nilikuwa nakijua, kila mtu anakijua. Kinasema mtindo huu ni 10/6, yaani shilingi kumi na peni sita. Mtu yule ni muuzaji, amevaa bidhaa yake kichwani na bei yake iko wazi.

Ndiyo bei pekee katika picha nzima.

Na mimi, katika toleo langu, nilikuwa nimeifuta. Mahali pake nikaweka nembo ya chama cha kubuni, jogoo mwenye tai. Nilidhani nimefanya kitu cha akili sana.

Nilikaa gizani nikicheka peke yangu. Kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

## Jitu na wabebaji

Kuna picha nyingine ambayo nilikuwa nimeitazama mara nyingi bila kuiona. Honoré Daumier, Ufaransa, 1831. Amemkopa Gargantua, lile jitu lafi la mwandishi Rabelais, akalipa sura ya mfalme Louis-Philippe. Jitu limeketi kwenye kiti, kinywa wazi. Kutoka kinywani unashuka ubao mrefu kama ngazi ya meli, na juu ya ubao watu wadogo wanapanda wamebeba vikapu vya fedha, wakimimina. Chini ya kiti zinatoka hati za vyeo na tuzo. Zinatokaje, nawaachia.

Kila anayeieleza picha hiyo huanza na jitu. Nami nilianza na jitu, miaka yote hiyo. Safari hii nikaangalia pembeni, chini, ubao unapoanzia. Pale kuna watu waliochanika nguo, wakitia sarafu zao kapuni. Kitabuni jitu linakula kwa sababu ni jitu. Kwenye picha ya Daumier linalishwa, na unaona ni nani anayelisha.

Chai imelipiwa, na mlipaji yumo pichani.

Daumier alihukumiwa kifungo cha miezi sita, akaingia gerezani mwaka 1832.

## Mkono unaotetemeka

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo paliponiuma.

Nilipokuwa nikiliuzia katuni gazeti moja la hapa jijini, mhariri alikuwa akinirudishia michoro na maneno yaleyale: ongeza kichekesho, punguza mtu. Alikuwa mpole, alinilipa kwa wakati, sina kinyongo naye. Lakini maneno yale yaliniingia mkononi. Nikajifunza kwamba picha ikivaa nguo za kale, mhariri anatulia. Mfalme wa Kirumi, simba wa hekaya, karamu ya Alice. Mtu akiuliza, hii ni fasihi, bwana.

Nilijisifu kwamba natumia fumbo, kama mshairi Muyaka wa Mombasa enzi zile. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Nimeirudia methali hiyo mbele ya wanafunzi, mbele ya wachoraji vijana, hata mbele ya shemeji zangu.

Ila Muyaka alipofumba, mji mzima ulijua kamlenga nani. Fumbo lake lilikuwa na mshale ndani. Langu lilikuwa ala tupu.

Kisha kuna lile la Desemba 2024. Kibet Bull, kijana aliyejulikana kwa picha za vivuli, watu weusi tititi wasio na macho wala pua, alitoweka mwishoni mwa mwezi ule, wakati vijana wengine kadhaa nao walipotoweka, akaonekana tena Januari 2025. Siku zile nilichora vyungu vya maua. Kweli kabisa. Nina daftari zima la vyungu vya maua lenye tarehe za wiki hizo.

Kivuli hakina uso, na hakikumkinga. Jitu la Rabelais halikumkinga Daumier. Sasa karamu ya Alice ilikuwa inanikinga mimi na nini?

Nadhani jibu ni kwamba ilikuwa inanikinga nisimchore mlipaji. Kumchora mkubwa anayehama kiti ni jambo ambalo hata mkubwa mwenyewe atalicheka, atakuomba nakala aitundike ofisini. Nimeshaombwa. Mchore yule aliyesimama jikoni na bili mkononi, na picha inaacha kuwa ya kutundikwa.

Sijui kama ni woga au ni mazoea. Kwa mkono wa mchoraji, vitu hivyo viwili vina mwandiko mmoja.

## Sufuria iliyozaa

Wiki ya nne nilijaribu nyumbani. Abunuwasi.

Mnaikumbuka ile ya sufuria. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria ndani yake: yako imezaa. Jirani anapokea mbio. Anaazima tena, safari hii harudishi: yako imekufa. Jirani anang'aka, tangu lini sufuria ikafa? Naye anaulizwa, tangu lini ikazaa?

Nikasema nimepata. Mikopo! Nikachora sufuria la taifa, pana kama uwanja, na bwana mmoja mwenye suti akitoa rambirambi. Mchoro ulikuja wenyewe, nilikuwa nikipiga mluzi.

Asubuhi nikaona haufai. Kwanza, Abunuwasi ni mtu wetu, tunamshangilia tangu utotoni, huwezi kumvika suti ya mwizi na msomaji asimshangilie mwizi. Pili, katika hadithi jirani anaadhibiwa kwa tamaa yake, kwa sababu kisufuria alikipokea. Sisi tulikipokea lini? Wapangaji wa jengo letu hawajawahi kuletewa hata kifuniko.

Nikaifuta. Nyumbani nako kuna nguo za kuazima zisizomkaa mtu.

## Kisimani

Nyanya yangu alizaliwa Lamu, na hadithi aliyoipenda kuliko zote ni kifo cha Fumo Liyongo. Baadaye nikaisoma katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, lakini kwangu sauti ni ya nyanya, na harufu ni ya mafuta ya taa.

Mtoto wake mwenyewe anashawishiwa na mfalme, anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda hadi kisima cha mji. Anapiga goti, anapachika mshale, anavuta. Na hapo hapo anakufa, akiwa amepiga goti, upinde mkononi.

Watu hawajui amekufa. Wanaotaka maji wanakuja, wanamwona, wanakimbia. Siku inapita, na nyingine. Mji mzima una kiu kwa sababu ya maiti.

Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo mara mia na sikuwahi kuiona kama katuni. Nadhani ni kwa sababu hakukuwa na Tenniel wake. Hakuna picha ya kale iliyoingia kichwani mwangu ikakaa mahali pake, ya mimi kuifuata mstari kwa mstari. Ilinibidi nitoke nje.

Nikatoka. Siku tatu nilikaa karibu na mahali panapouzwa maji, mitungi ya njano imepangwa foleni kama watu, wenye mitungi wameketi kivulini wakizungumza mambo mengine kabisa. Nikachora mgongo wa kijana wa mkokoteni anapoinua mitungi minane juu ya tuta. Nikachora namna mwanamke anavyoshika mtungi mtupu, tofauti na anavyoshika uliojaa. Kwa Gustave Doré, kwenye picha zake za jehanamu ya Dante za mwaka 1861, nilikopa kitu kimoja tu, vipimo: watu wadogo, giza kubwa.

Shaka ilibaki. Liyongo ni shujaa. Nimfanye maiti ya nani? Nilijaribu kumpa sura ya mtu, nikafuta. Nikajaribu tai, kofia, bendera kwenye upinde, nikafuta vyote. Mwishoni nilimwacha mgongo, mkubwa, kimya, nzi mmoja begani. Mbele yake kisima. Mbali, wamebanana kwenye kona moja ya karatasi kama wale wa mezani kwa Alice, watu na mitungi yao ya njano.

Hiyo njano ndiyo rangi pekee.

Nilidhani nimemaliza.

## Mama

Nilirudi barazani Alhamisi iliyopita. Shikamoo, marahaba, kahawa. Safari hii Mzee alishika karatasi kwa mikono miwili.

Aliitazama mpaka kahawa yake ikapoa. Kijana mmoja aliyekuwa akichaji simu pale alichungulia begani kwake akasema, "Si wamsukume tu?" Hakuna aliyemjibu.

"Huyu namjua," Mzee akasema. "Na hawa nawajua, huyu wa mkokoteni ni kama mtoto wa jirani yangu." Akapitisha kidole kutoka kwa watu hadi kisimani, polepole, juu ya ile sehemu nyeupe katikati niliyojivunia sana. "Hapa hapana mtu."

"Ndiyo, Mzee. Wanaogopa."

"Mama yake umemweka wapi?"

Nilihisi masikio yanapata moto. Kwa sababu najua. Nyanya hakuwahi kuiruka sehemu hiyo hata mara moja. Mji ulipozidiwa na kiu, walikwenda kwa mama yake Liyongo wakamsihi, na mama akatoka peke yake akamwendea, akimbembeleza kwa nyimbo, akarudi, akaenda tena siku nyingine, mpaka siku maiti ilipoanguka na watu wakajua. Wengine wote walisimama na vyombo vyao mbali. Aliyekwenda ni mama.

Mara ya kwanza nilimsahau mlipaji. Mara ya pili nikamsahau aliyekwenda. Mzee hakusema hivyo, aliuliza tu, akarudi kwenye mazungumzo ya bei ya mbuzi.

Njiani kurudi nilishuka mjini, nikatembea hadi Uhuru Park, ile pembe inayoitwa Freedom Corner. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula hapo, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, na polisi walipowavamia mwezi wa Machi baadhi yao walivua nguo mbele ya askari wenye virungu. Wakafukuzwa. Wakahamia All Saints, kanisa la ng'ambo ya barabara, wakaendelea. Nimepita hapo mara ngapi nikienda kununua wino?

Nilikaa kwenye nyasi nikachora wanawake wanaopita. Wote kwa mgongo. Mmoja aligeuka akaniuliza kama namchorea nini, nikamwonyesha, akasema miguu yake si minene hivyo.

Sasa yumo. Yuko katikati ya sehemu nyeupe, mdogo, anatembea kuelekea kwenye upinde. Amejifunga kanga moja, nyingine mabegani. Nilianza na visigino na nimemaliza kwenye ukingo wa kanga ya juu, pindo limeingia vizuri, maua yake nimeyatoa kwenye kanga ya nyanya niliyobaki nayo.

Tatizo ni jina. Kanga haiwezi kukosa jina, na hapo mgongoni, kwenye kile kisanduku cha maandishi, nimeacha nafasi ya upana wa vidole viwili. Nimejaribu methali tano. Zote zinamfanya aonekane anatuhubiria, na mama yule hakuwa akizungumza na sisi.

Kesho nitapita kwa bi mkubwa anayeuza mahamri karibu na pale barazani. Ana makanga sandukuni tangu kabla ya Uhuru, na inasemekana majina yote anayakumbuka.